Sheria ya serikali iliyokubadilisha tabia: tupeane uzoefu

Kinyozi wa Kona

Wakuu, habari za jioni.

Jana nilikuwa kwa wakala namtumia mama hela. Mbele yangu kuna binti mdogo tu, hata miaka 20 sidhani, anamwambia wakala: "Usiweke kwangu, weka moja kwa moja kwenye namba hii." Wakala hata hakuinua kichwa. Akabonyeza, akamrudishia chenji, wakaachana.

Nikacheka peke yangu. Huo ujanja wa kukwepa makato ya kutuma tuliujua wengi 2021 kipindi cha tozo ya miamala ya simu, na nilidhani umeshazikwa. Mnakumbuka 15 Julai ile: juu ya makato ya kawaida ya kutuma na kutoa, ikaongezwa tozo ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea unatuma kiasi gani. Septemba wakapunguza asilimia 30, mwaka uliofuata wakapunguza tena. Lakini mkono wa yule binti bado unakwepa, na 2021 alikuwa sekondari.

Ndipo nikajiuliza. Sisi hatugomi hata siku moja. Sheria ikija tunasema sawa, halafu kila mtu anatafuta kichochoro chake. Sasa sitaki siasa kwenye uzi huu. Nataka uniambie ni sheria gani, katazo gani, bei elekezi gani ilikufanya uanze kuishi tofauti, na wewe ulifanya nini hasa. Ya kwako, sio ya shemeji yako.

Naanza. Tozo ilipoingia nilikubaliana na wateja wangu wa kudumu wanilipe kwa vocha. Unanyoa, unanirushia vocha, tumemalizana. Mwezi wa pili nikajikuta na salio la 46,000 na sina hata mtu wa kumpigia. Nikaanza kupigia ndugu ambao hatujaongea miaka, mmoja akadhani kuna msiba. Halafu kodi ya laini ikaja kwenye vocha nayo.

Karibuni.

dada wa stendi

Nimekaa hapa na karanga zangu.

Pita Njia

Tozo ndio ilianzisha "tuma na ya kutolea". Kabla ya hapo watu walikuwa wanasema tuma tu.

Mzaramo Original

Pita Njia, uongo. Ya kutolea ilikuwepo miaka mingi kabla. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya tozo ulikuwa unaombwa kwa aibu, baada ya tozo unaamrishwa.

Mama Wawili

Mleta mada umenikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisamehe.

Agosti 2021 baba yangu yuko Songea, anahitaji 400,000 ya mbolea na vibarua. Mimi niko Dar. Nikapiga hesabu ya kutuma, ya kutolea, na tozo huku na huku, nikaona hiyo hela mtoto wangu anakula shuleni wiki nzima. Jirani akaniambia, "Wewe mbona mshamba, watu siku hizi wanatuma kwa basi." Kweli, ukienda stendi ulikuwa unaona bahasha zinapita mikononi kama kadi za harusi.

Nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga. Noti nikazifunga kwenye kitambaa cha khanga, nikazikandamiza chini, juu nikajaza pamba, nikazungusha selotepu mpaka kopo likawa kama bomu. Nikampa konda 3,000 ya mzigo. Akaniuliza, "Mama kuna nini humu?" Sasa utasema kuna hela? Nikamwambia ni dawa za mzee, asizitikise.

Basi likaharibika Makambako. Saa tano usiku, baridi ile mnaijua, abiria wamekaa chini barabarani. Kukawa na mama mmoja ana homa kali na mtoto mgongoni. Watu wakauliza nani ana panadol. Konda, Mungu ambariki na roho yake nzuri, akakumbuka kwamba amebeba dawa.

Alifungua lile kopo mbele ya abiria wote, kwa tochi ya simu.

Simu yangu ikaita saa tano na nusu. Konda anaongea taratibu sana: "Mama, hizi dawa zako zimetuweka kwenye wakati mgumu." Nyuma nasikia watu wanacheka, mwingine anasema hata mimi naumwa nipeni kimoja.

Sikulala. Kila nusu saa napiga, hapatikani. Hela ikafika siku ya tatu, baba akahesabu mbele ya konda: 380,000. Konda akasema 20,000 ni ya ulinzi, maana usiku mzima alilala amelikumbatia kopo huku basi zima linajua kilichomo. Sikuwa na neno. Ningemshtaki wapi wakati mimi ndiye niliyemdanganya kwanza?

Kukwepa tozo kulinigharimu zaidi ya tozo. Na kopo lenyewe hakurudisha.

dada wa stendi

"Hizi dawa zako zimetuweka kwenye wakati mgumu" 😂😂 nimemwaga karanga.

Mlipakodi Hodari

Ndio shida yetu Watanzania. Ungelipa tozo ungelala vizuri. Zile hela zimejenga vituo vya afya na madarasa, kila mtu ameona. Mnataka barabara, mnataka dawa hospitali, mnataka maji, halafu mnaficha hela kwenye makopo.

Mzaramo Original

Hodari, mtu alishakatwa kodi kwenye mshahara, akanunua sukari na sabuni zina kodi, sasa anamtumia baba yake hela ya mbolea unamkata tena. Huyo baba akinunua jembe kuna kodi. Shilingi moja itozwe mara ngapi mpaka ichoke?

Mlipakodi Hodari

Shilingi haichoki. Wewe ndio umechoka.

Kinyozi wa Kona

Nimesema sitaki siasa wakuu. Hodari na wewe leta uzoefu wako, ulifanya nini tozo ilipokuja?

Mlipakodi Hodari

Nililipa.

Pita Njia

Huyu kweli ni mgeni.

Duka la Chini

Mimi ni muuza duka. Mada ya tozo waachieni wenye hela za kutuma, mimi niwaambie ya sukari, mapema 2024.

Mvua za El Niño zilinyesha, viwanda vikashindwa kuvuna na kusaga miwa, sukari ikapotea. Bei ikaanza kupanda, serikali ikatoa bei elekezi, rejareja haizidi 3,200 kwa kilo kutegemea mkoa uliko. Vizuri. Mimi naenda kwa mtu wa jumla na karatasi yangu ya bei elekezi mfukoni, ananiambia kilo 4,000, chukua au acha, na risiti sikupi. Nikimuonyesha karatasi anasema basi kanunue kwenye hiyo karatasi.

Sasa niambieni ninyi wenye akili. Nimenunua 4,000 nikauze 3,200? Nikiuza 4,500 mkaguzi akipita nimekwisha. Nikaacha kuweka sukari mbele. Anakuja mteja anauliza sukari ipo, namwangalia usoni. Kama simjui, hakuna. Kama namjua, nauliza mtoto wako anaendeleaje, halafu naingia ndani natoka na gazeti limefungwa. Nilikuwa napima robo robo kwenye gazeti, usiku, mlango umefungwa, kama nauza bangi.

Kilichoniuma ni hiki. Wateja niliowauzia 4,500 walinishukuru. Wale niliowaambia hakuna walinitukana. Na mwenye roho safi, jirani yangu wa duka la pili aliyebandika tangazo "Sukari 3,000", alikuwa nalo tangazo tu. Sukari hakuwa nayo tangu Krismasi.

Mangi Mstaafu

Wengine tulikuwa tunauza kwa masharti. Ukitaka sukari unachukua na majani ya chai na kiberiti. Sukari bei elekezi kabisa, majani ya chai ndio yana bei yake. Mkaguzi akija hana kosa la kukamata.

Duka la Chini

Mangi wewe ni shetani. Kwanini hukuniambia mwaka huo?

Bi. Kirembwe

Mimi ni mifuko ya plastiki. 1 Juni 2019. Ilitangazwa kwamba ukikutwa nao tu faini ni 30,000 mpaka 200,000 au jela hadi siku 7. Mama mkwe wangu alikuwa na hazina ya rambo chini ya godoro, zimekunjwa pembetatu pembetatu kama sambusa, nadhani zilifika 200. Alikataa kuzitupa. Akasema hizi nilizilipia. Akawa anatoka na rambo ndani ya kikapu, juu amefunika na khanga. Vitu ndani ya rambo, rambo ndani ya kikapu. Nikamuuliza mama si uweke tu vitu kwenye kikapu? Akasema kikapu kitachafuka.

Fundi Umeme TZ

Rambo zilikufa kweli, hilo katazo nalipa saluti. Mitaro ya kwetu ilipumua. Ila baada ya muda vikaingia vile vifungashio vyeupe vya kufungia karanga na sukari guru, watu wakaanza kubebea nyanya. Kidogo kidogo vikakua vikawa na ukubwa wa rambo, kilichopungua ni mshikio tu.

Babu Kisima

Nimesoma toka mwanzo. Ya Duka la Chini imenirudisha mbali, sijawahi kuandika hili.

Machi 1983 nilikuwa na miaka 11, kijiji kimoja cha mkoa wa Mara, sio mbali na mpaka. Wadogo zangu humu hamjui, lakini wakati ule karibu kila kitu kilikuwa na bei iliyopangwa na Tume ya Bei, na bidhaa zilitoka RTC, kampuni ya biashara ya serikali ya mkoa, kwa mgao. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha na nchi haina fedha za kigeni, viwanda havina malighafi. Mgao ukifika wilayani ni katoni chache, na kabla ya kufika kijijini zimeshapitia kwa wajomba wa kila mtu. Sabuni, mafuta ya kula, dawa ya mswaki, khanga, vyote vilikuwa vitu vya kunong'ona. Sisi tulikuwa tunafulia majani ya mpapai.

Baba alikuwa na duka la mlango mmoja na baiskeli. Sio tajiri. Sabuni alikuwa anainunua kwa watu wa magendo waliovuka nayo kutoka Kenya usiku, anainunua kwa bei kubwa kuliko ile aliyoruhusiwa kuuzia. Kwa hiyo akawa haionyeshi. Anauza kwa anayemwamini.

Halafu redioni tukasikia msako wa wahujumu uchumi umeanza. Waziri Mkuu Sokoine. Kila siku taarifa, fulani kakamatwa na magunia, fulani kakutwa na nguo darini. Watu wakaanza kutupa mali mitoni na porini. Wengine walichoma hadi noti, maana ukikutwa na noti nyingi nazo ni za kujieleza.

Usiku wa tatu baba akatuamsha mimi na kaka. Koroboi hakuwasha. Chini ya uvungu kulikuwa na katoni 9 za sabuni ya mche. Nyuma ya nyumba palikuwa na kisima cha kuchimba kwa mkono, kinatumiwa na kaya kama kumi na tano, juu kimezibwa na magogo. Tukatoa gogo moja. Baba alikuwa anachana katoni, kaka anapokea, mimi nadondosha. Mche mmoja mmoja, ili usifanye kelele. Dubwi. Unasubiri. Dubwi. Baba kila mche anaunusa kidogo kabla ya kumpa kaka. Sikuelewa wakati ule. Makatoni tukayachoma asubuhi kuchemshia uji. Mama aliiba mche mmoja akauzika kwenye majivu ya jikoni, baba hakujua mpaka miaka mingi.

Mgambo walikuja siku mbili baadaye. Walikuta chumvi, nyembe na viberiti. Walikaa, wakanywa maji, wakaondoka. Maji yalikuwa bado masafi.

Siku ya tano hivi maji yakaanza kubadilika. Mwanzo utelezi kidogo. Halafu yakawa meupe kama tui. Ukitupa ndoo kwa nguvu, povu linapanda. Kijiji kikasema tumerogwa. Wazee wakachanga mbuzi, akaletwa mganga kutoka kijiji cha pili. Akateka maji kiganjani, akanusa, akatazama watu wote, akatazama nyumba yetu, akasema: "Huyu mchawi anafua nguo." Akachukua mbuzi wake akaondoka.

Hakuna aliyesema kitu. Ila kuanzia jioni ile wanawake wakawa wanafuata maji ya kunywa mtoni, na kisimani wanakuja usiku na nguo. Mwenyekiti wa kijiji alileta watoto wake na ndoo mbili. Kwa karibu mwezi mzima kijiji chetu kilikuwa na nguo safi kuliko tarafa nzima, na baba anakaa mlangoni anasikia mtaji wake unapigwa kwenye mawe.

Mzee Mwinyi alipoingia urais 1985 biashara zikazidi kuachiwa, maduka yakajaa, na baba akajaza duka lake. Lakini mpaka anafariki hakuwahi tena kuweka sabuni. Ukimuuliza anasema haina faida.

Mama Wawili

Mzee wangu, shikamoo. Kopo langu nimelisahau.

dada wa stendi

"Kila mche anaunusa kidogo." Jamani.

Kinyozi wa Kona

Uzi umepata mwenyewe. Shikamoo mzee.

Fundi Umeme TZ

Hii ni chai, tena chai ya maziwa. Sabuni ya mche haiyeyuki namna hiyo. Mimi niliwahi kuangusha kipande kwenye tenki, nikakitoa baada ya wiki kipo vilevile.

Babu Kisima

Shikamoo imekushinda kijana?

Fundi Umeme TZ

Shikamoo mzee. Ila chai.

Babu Kisima

Marahaba. Kipande kimoja kwenye tenki la lita elfu sio katoni 9 kwenye kisima, halafu watu wanateka kutwa nzima, ndoo zinaikoroga. Na sabuni ya siku zile haikuwa kama hii ya kwenu.

Mlipakodi Hodari

Mzee samahani, kwa hiyo baba yako alikuwa mlanguzi. Tuseme tu ukweli. Watu kama hao ndio waliosababisha uhaba, wanaficha bidhaa wananchi wanateseka. Sokoine alikuwa sahihi.

Babu Kisima

Sokoine nilimpenda na nililia Aprili 1984 alipofariki, na baba alilia pia, tena zaidi yangu. Hilo ninyi hamuwezi kulielewa.

Ama kuhusu ulanguzi. Mtu aliyenunua kitu kwa bei kubwa kuliko aliyoruhusiwa kuuzia, unamwitaje? Sheria ilimwita mhujumu. Wateja walimwita Baba. Mama alimwita mpumbavu.

Duka la Chini

Hodari nikuulize kitu. Uhaba ulianza kabla ya mzee kuficha au baada? Mimi 2024 nilificha sukari kwa sababu hakukuwa na sukari. Ingekuwepo ningeificha nimuuzie nani?

Mlipakodi Hodari

Wote mkificha inakuwa haipo kabisa.

Duka la Chini

Haya, na wote tukitoa kwa 3,200 siku moja inaisha saa nne asubuhi, kesho unakunywa chai kavu. Anayepata ni yule aliyeamka mapema na aliye na mtoto wa kumtuma foleni.

Mlipakodi Hodari

Angalau foleni haiangalii sura.

Mangi Mstaafu

Foleni haiangalii sura? Wewe hukuishi miaka ile. Tulikuwa tunapanga mawe kwenye foleni usiku, kila jiwe lina jina. Asubuhi unakuta jiwe la mke wa bwana mkubwa limetembea lenyewe mpaka mbele.

Mkulima wa Kusini

Mimi nina ya korosho, msimu wa 2018. Nitaandika kwa kifupi maana nina mtoto mgonjwa.

Minada huwa inaanza Oktoba. Ada na sare zinadaiwa kabla. Kwa hiyo Agosti unauza kangomba, mtu anakupa hela sasa, wewe unampa korosho ukivuna, kwa bei ya kukutoa machozi. Ni haramu kisheria na kila mtu anafanya. Mwaka huo nilimuuzia jirani yangu kwa 1,500 kilo.

Wanunuzi mnadani wakaja na bei ndogo, wakulima wakagoma, na Novemba Rais Magufuli akasema serikali inanunua yenyewe kwa 3,300, jeshi likaja kubeba. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Halafu nikakumbuka kwamba korosho zangu sio zangu.

Ikaja sasa kuhakiki: mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba, ili kuwakamata wa kangomba. Jirani yangu ana tani na zaidi na shamba lake ni uwanja wa kuku. Akaja usiku na mkewe, wamebeba jogoo. "Kaka, niazime shamba siku moja." Mikorosho yangu ilihakikiwa mara tatu msimu ule, na wenyewe watatu tofauti. Mara ya tatu mkaguzi akasimama chini ya mkorosho mmoja ulioinama, akasema, "Huu mti kama nishawahi kuuona." Jirani akajibu, "Mikorosho ya huku inafanana mheshimiwa."

Alikuja kulipwa mwaka uliofuata. Akaniongezea 300 kwa kilo juu ya ile 1,500, kwa hiari yake. Mimi ndio nilikuwa na shamba.

Pita Njia

Mkulima hiyo ya tatu nani tena?

Mkulima wa Kusini

Shemeji. Usiulize.

Bi. Kirembwe

Mtoto apone haraka, kaka.

Wa Kariakoo

Mimi langu dogo. Ukiingia dukani kwangu swali la kwanza ni "unataka na risiti au bila?" Sikulianzisha mimi, wateja ndio walianza. Ukimwambia na risiti kuna asilimia 18 ya VAT juu, anashika kichwa. Mteja mmoja alinunua vitenge vya 800,000 akaomba niandike 50,000 ili asisumbuliwe njiani. Nikamwambia ukisimamishwa mtu ataamini hayo marobota matatu ni 50,000? Akasema yeye sio wa kuamini, ni wa kuangalia kama karatasi ipo.

Baadaye mtu huyo huyo anarudi, kitambaa kimechuja, anataka nimrudishie 800,000. Nikamwambia lete risiti.

Mzaramo Original

😂 Hapo ulimpata.

Wa Kariakoo

Sikumpata. Alileta. Nikamrudishia 50,000, akalala mlangoni kwangu siku mbili.

dada wa stendi

Ushauri wa bure kwa mnaotuma hela nyingi: mtumie mtu kwenye lipa namba ya duka la jirani yake, mwenye duka ampe taslimu. Makato ya kutoa unayakwepa.

Duka la Chini

Dada tafadhali usitufundishie wateja. Mtu anakuja, hanunui hata kiberiti, anataka nimtolee 200,000 kwenye droo yangu. Jioni mimi ndio nabaki na hela za kwenye simu na mwenye mzigo anataka noti.

dada wa stendi

Si unamkata kidogo?

Duka la Chini

Namkata 2,000.

Kinyozi wa Kona

Kwa hiyo na wewe una tozo yako.

Mangi Mstaafu

Mimi ushauri wangu ni tofauti: hela nyingi peleka mwenyewe. Unamwona mzee, unakula kuku, unarudi. Nauli ni kubwa lakini baraka hazina makato.

Mama Wawili

Songea, Mangi. SONGEA. Baraka zitafika nimechoka.

Fundi Umeme TZ

Wakuu, kuhusu kisima. Nimenunua mche mzima jana usiku, nimekata kipande nimekiweka kwenye ndoo ya lita 20 bafuni. Kila nikipita nachota kikombe na kurudisha, kuiga watu wanaoteka. Nitaleta majibu siku ya tano. Picha zipo.

Babu Kisima

Usisahau kunusa kwanza.

Pita Njia

Kumbe laini za simu hamjazitaja. Januari 2020, kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho tarehe 20. Mimi nilipanga foleni siku nne kutafuta namba ya kitambulisho, siku ya tano nikakuta kijana anauza nafasi ya mbele kwa 5,000. Nikanunua. Kesho yake nikaenda mapema, nikauza ya kwangu 7,000.

Mlipakodi Hodari

Hii ndio tabia ninayosema.

Pita Njia

Hodari, na wewe si ulipanga? Ulisimama siku ngapi?

Mlipakodi Hodari

Sita.

Pita Njia

Ningekuuzia 6,000, wewe ni mtu mwema.

Mlipakodi Hodari

Basi niwape uzoefu wangu mliotaka. 2021 nililipa tozo kila mwezi, kumtumia mama. Mwezi wa tatu mama akanipigia, akasema mwanangu kwanini hela inakuja pungufu, au umeoa? Nikamweleza tozo, maendeleo ya nchi, vituo vya afya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, basi mpe wakala aweke moja kwa moja huku, mwenzio mtoto wa fulani ndivyo anafanya. Nikakataa. Mwezi wa nne akaanza kumwomba hela mdogo wangu.

Kinyozi wa Kona

Pole sana kaka. Hii sikuitarajia.

dada wa stendi

Hodari leo umenigusa.

Fundi Umeme TZ

Majibu ya siku ya tano. Mzee Kisima, shikamoo.

Siku ya kwanza na ya pili hakuna kitu, nikawa nimeshaandaa maneno ya kukuletea. Siku ya tatu kipande kimelegea kama muhogo uliolowekwa. Leo asubuhi nimechota kikombe, maji meupe, yanateleza, nimeyamwaga kwa nguvu povu limefika magotini. Tui kabisa.

Mke wangu amekuta ndoo akauliza nani anaharibu sabuni ndani ya nyumba hii. Nikaanza kumweleza 1983, magendo, Tume ya Bei. Amesikiliza kidogo, akaenda kuleta mashuka.

Babu Kisima

Marahaba mwanangu. Mwambie asisuuze kwa maji hayohayo, mashuka yatawasha.